Nyumba Sita za Bati

Sehemu ya tisa

Juma lililopita tulimwacha Swaumu Mselemu amesimama mbele ya darasa la saba, shule ya msingi Unyasuka, kidole kikiwa juu ya ukurasa wa kumi na moja wa faili la serikali. Watu mia na ushee wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Injinia Godfrey wa umeme amemwambia asome kwa sauti. Na Swaumu hasomi.

Hasomi kwa sababu mwandiko ulio kwenye ukurasa ule ni wake.

Mliodhani ataona jina la mwizi mmekosea. Aliona herufi zake mwenyewe, zimenyooka, safi, za msichana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na hana kazi. Oktoba 1992. Sasa ni 1999, msichana yule ana stashahada ya mipango, ana kiti ofisini wilayani, na ametumwa kijijini kwao kuwasomea watu kwa nini umeme unawapita.

"Afisa mipango, tunakusubiri," alisema Injinia. "Au umesahau miwani?"

"Sivai miwani."

"Basi soma."

Swaumu akasoma. "Kijiji cha Unyasuka. Kaya, mia mbili na kumi na nne. Nyumba za tembe, mia mbili na nane. Nyumba za bati..." Akakisogeza kidole. "Sita."

"Sita za wapi?" Sauti ilitoka benchi la wanawake. Ilikuwa ya Cecilia, mke wa muuza alizeti, mwanamke ambaye akikohoa kijiji kizima hunyamaza kusikiliza. "Uani kwetu tu ziko tatu."

"Mama, mimi nasoma kilichoandikwa."

"Na mimi nakwambia kilichojengwa."

Watu wakacheka. Injinia hakucheka. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye vumbi la barabara ya Ilongero mpaka kwenye nyusi, na hakuwa na siku nyingine ya kuwapa.

"Sikilizeni, ndugu zangu," alisema. "Laini inafuata bati. Nyumba ya tembe ina udongo juu ya paa, haifungwi nyaya, na mradi hauruhusu. Serikali imepanga hivi: kijiji chenye nyumba za bati hamsini kinapata laini yake na transfoma. Kule makao makuu hawakuja kuwaangalia. Walifungua faili, wakakuta sita. Nguzo wakazipeleka Sughana."

Sughana. Kijiji cha jirani, chenye watu wachache, visima vichache, na sasa nguzo arobaini zimelala kando ya njia yao.

"Nani aliijaza hii fomu?" Injinia akauliza. "Ana mwandiko mzuri, huyo mtu. Kuna jina hapo chini?"

Swaumu akatazama chini ya ukurasa. "Hakuna jina."

Ilikuwa kweli. Hakukuwa na jina. Alijifunika kwa ukweli ule mdogo kama mtu anayejifunika kanga ya kuazima, na masikio yakamwaka moto.

Benchi la mbele, baba yake, Mzee Mselemu, mwenyekiti wa kijiji mwaka ule wa 1992, alikuwa anatazama ndala zake.

"Jina la nini?" Cecilia alisimama kabisa. "Mwaka ule hapa Unyasuka nani alikuwa anashika kalamu kama si mwalimu?"

Vichwa vyote vikageukia ubaoni.

Mwalimu Paskali alikuwa amesimama pale, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Ni Mnyiramba wa Kiomboi, mwalimu mkuu wa shule hii tangu 1990, ambaye hana shamba Unyasuka, hana ng'ombe, na anaishi nyumba ya shule. Siku tatu kabla ya mkutano, lori la nguzo lilipopita kuelekea Sughana, wanawake wakiongozwa na Cecilia walikwenda uani kwake wakamwimbia tangu adhuhuri mpaka mbuzi wanarudi. Waliimba kwamba ameuza laini kwa baiskeli. Waliimba na mambo mengine ya ndani, ya mtu na mkewe, ambayo gazeti hili haliwezi kuyapiga chapa. Mkewe, Lea, hajaenda kisimani tangu siku hiyo.

"Baiskeli ile niliinunua kwa mshahara wangu," alisema Mwalimu.

"Mshahara upi, Mwalimu? Ule unaokuja kwa miguu kutoka Dodoma?"

Kicheko kingine, kikali zaidi. Swaumu alilishika faili kwa mikono miwili. Angeweza kusema pale pale. Hakusema.

Injinia akagonga meza kwa funguo za gari. "Nina neno moja, na ni la mwisho. Orodha inaondoka Singida kesho asubuhi. Kama haya ni makosa ya mtu mmoja, aliyeandika vibaya, naweza kusahihisha. Aandike barua leo, atie sahihi, mimi na afisa mipango tuhesabu upya mabati yenu, nguzo zinarudi. Lakini kama kijiji kilidanganya kwa makusudi, sina ruhusa. Wafadhili wana sharti lao. Kijiji kilichotoa takwimu za uongo kinarudi mwisho wa orodha."

"Mwisho wa orodha ni lini?" mtu akauliza.

"Miaka kumi. Labda kumi na miwili."

Minong'ono ikaanza.

Mzee Mselemu akasimama. Waliokuwa wanaongea wakaacha, maana mzee huyu hasimami ovyo. Alivua kofia yake ya kitani, akaivaa tena.

"Mgeni wetu amesema vizuri," alianza. "Ni makosa ya kalamu. Kalamu ni ya mwalimu. Mwalimu Paskali ni mwenzetu, ametusomeshea watoto, hakuna atakayemgusa. Aandike hiyo barua. Na mimi mbele yenu nasema, akishaandika, nyimbo zinakwisha leo. Mtu asisikike tena akiimba."

"Hewala," wazee wakaitikia.

"Mwalimu?" Injinia akamgeukia.

Paskali alikuwa anamtazama Mzee Mselemu kwa namna ambayo Swaumu hakuielewa, kama mtu anayesubiri mwenzake akumbuke kitu.

"Naomba dakika kumi," Swaumu alisema.

* * *

Nyuma ya darasa, karibu na tangi la maji ya mvua, binti na baba walisimama bila kutazamana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ulinisalimu asubuhi."

"Asubuhi nilikuwa sijaona fomu."

Mzee akachimba chini kwa ncha ya fimbo. "Umeiona sasa. Ifunge."

"Niliandika mimi, baba. Ulikuja na taa ya chemli ukanikalisha mezani, ukanitajia namba, nikaandika. Nilikuuliza, mbona sita? Ukaniambia andika."

"Ulisahau mwaka ule ulikuwaje?"

Hakusahau. Nani wa Unyasuka angesahau? Watu wa kodi walikuwa wamepita wakakamata ng'ombe mchana kweupe. Kisha ikaja habari kwamba gari la serikali linakuja kuhesabu nyumba za bati. Hakuna aliyetaja umeme. Kila mtu alisikia neno moja tu, bati, akajua kinachofuata ni kodi ya bati.

Basi kijiji kizima kikapanda juu. Walikanyaga udongo na samadi, wakayasiliba mabati yao, wakapanga na miti juu yake ili yafanane na tembe. Jua la Oktoba likaupasua udongo ule, ukawa unawadondokea shingoni wakila. Wakaokota, wakabandika tena. Siku nne. Wageni wakaja, wakatazama kutoka ndani ya gari, wakaacha fomu ijazwe, wakaenda zao. Siku hiyo watu walicheka mpaka wakakaa chini. Tumewaweza, walisema.

"Sabini na moja," Swaumu alisema. "Zilikuwa nyumba sabini na moja za bati."

"Na leo ni zaidi. Kwa hiyo nyamaza, umeme uje."

"Na Mwalimu?"

"Mwalimu ni mtu wa kuhamishwa. Atakwenda shule nyingine, atasahau. Sisi tunahama wapi?"

"Baba, wamemwimbia mkewe."

Mzee alitupa jicho kwenye mlango wa darasa. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka, na hakuwa anaongea kama mwenyekiti wa zamani.

"Nitakwambia jambo, na ukilisema mbele za watu mimi nimekwisha. Fomu ile haikuja kwako kwanza. Tulimpelekea Mwalimu. Mimi na wazee wawili, wote marehemu sasa. Tulimwambia aandike sita. Alikataa. Alisema hawezi kuandika uongo kwenye karatasi ya serikali, ila hatatusemea, maana sisi ndio tunaomlisha. Ndipo nikarudi nyumbani nikakuamsha wewe."

Swaumu akaegemea tangi.

Mnasikia, wasomaji? Mtu pekee aliyekataa ndiye aliyeimbiwa. Na aliyemweka pale, akamwacha aimbiwe mpaka jioni bila kufungua mdomo, ni mzee anayeswalisha pale imamu anaposafiri. Ni baba yake Swaumu.

"Ulikuwa wapi, baba, siku ya nyimbo?"

"Nilikuwa ndani."

"Ulizisikia?"

"Nilizisikia zote," alisema Mzee Mselemu, na akajifuta uso kwa kiganja, akijifanya ni jasho.

* * *

Waliporudi darasani, Lea alikuwa ameingia. Alisimama mlangoni amejitanda kanga mpaka nyusi, na wanawake waliokuwa karibu na mlango walisogea kumpa nafasi kubwa kuliko aliyohitaji.

Mbele, Mwalimu Paskali alikuwa tayari amekaa mezani. Karatasi iko mbele yake. Kalamu iko mkononi.

"Baba Witness," Lea alimwita mumewe kutoka mlangoni, bila kupandisha sauti. "Unaandika nini?"

"Wanachotaka."

"Ndicho ulichofanya?"

"Hapana."

"Sasa unaandikia nini?"

"Ili ukachote maji."

Hakuna aliyecheka safari hii. Cecilia aligeuza uso akaanza kumfuta mtoto wa mwenzake kamasi ambazo hazikuwepo.

Mwalimu akainamisha kichwa. Kalamu ikagusa karatasi.

"Mwalimu, acha," Swaumu alisema.

Aliliweka faili mezani, akalifungua kwenye ukurasa wa kumi na moja, akachukua chaki. Akaandika ubaoni: Kijiji cha Unyasuka. Nyumba za bati, sita. Akarudi nyuma hatua mbili.

Injinia akatazama ubao. Akatazama faili. Akatazama ubao tena. Herufi kwa herufi, zilikuwa za mkono mmoja.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

Mnong'ono ukapita kama upepo kwenye mtama. Mzee Mselemu alifumba macho.

"Ulikuwa na umri gani?"

"Kumi na nane."

"Na ulisimama hapa saa nzima, wanamtukana mwenzako, ukaniambia hakuna jina."

"Ndiyo."

"Unajua mkurugenzi wako akiipata barua hii huna kazi?"

"Najua."

Injinia akakaa pembeni ya meza. Alikuwa na swali moja lililobaki, na watu wote mle ndani walilijua kabla hajalitoa. Waliojenga kwa bati waliinama. Walikuwa wengi. Darasa zima likawa visogo.

"Uliandika sita kwa akili yako peke yako," aliuliza, "au kuna waliokutuma?"

Swaumu alitazama visogo vile. Wajomba zake, shangazi zake, mama aliyemfundisha kusuka ukili, wote. Alingoja. Alihesabu pumzi tano, ili yeyote anayetaka kusimama apate nafasi ya kusimama.

Hakusimama mtu.

"Peke yangu," alisema. "Sikutoka hata nje kuhesabu. Nilikaa nyumbani nikaandika tu."

Akaivuta karatasi ya Mwalimu, akaandika barua, akatia sahihi. Na kijiji chake, msomaji, kikampigia makofi.

Wengine walisimama kupiga. Vigelegele viwili vilitoka. Swaumu amewahi kutukanwa, amewahi kufukuzwa ofisi za watu, lakini hajawahi kuona haya kama alivyoona kwa makofi yale. Alimtafuta baba yake kwa macho. Mzee alikuwa anapiga pia, polepole, akitazama ukuta.

Mwalimu Paskali hakupiga. Alipita karibu na Swaumu, akasema chini chini, "Umesema nusu, binti."

"Nusu ndiyo itakayowaletea taa, Mwalimu."

"Najua. Mimi nimeishi na hiyo nusu miaka saba. Ina uzito."

* * *

"Sasa tukahesabu," Injinia alisema, akichukua ubao wake wa kuandikia. "Ni saa sita."

Hapo ndipo Unyasuka walipoharibu.

Mgeni hawezi kutembezwa kijijini na njaa. Jambo hilo halina mjadala, na Mzee Mselemu alikuwa wa kwanza kulisema. Kuku wawili wakakimbizwa, wakakamatwa, wakachinjwa. Ugali wa mtama ukasongwa. Injinia alikataa mara mbili kwa adabu, mara ya tatu akanawa mikono. Kuku wa kienyeji haivi haraka. Saa nzima ikapita, na nusu juu yake.

Na ndani ya saa hiyo na nusu, habari ikatembea. Mwenye kwenda kufungua ng'ombe aliipitisha kwa mwenye kuanika alizeti, huyo akaipigia kelele ng'ambo ya korongo, mpaka ikafika kitongoji cha mbali, cha watu ambao hawakuja mkutanoni kwa sababu ilikuwa siku yao ya kunywesha mifugo. Habari ilipotoka shuleni ilikuwa ndefu, ina umeme ndani yake, ina nguzo, ina barua. Ilipovuka korongo ilikuwa na maneno matatu tu.

Wanakuja kuhesabu bati.

Nyumba za karibu na shule zilihesabiwa bila shida. Ishirini. Thelathini na tano. Arobaini na nne. Injinia alikuwa anatabasamu. "Bado sita tu zitimie hamsini," alimtania Swaumu, "na kule mbele naambiwa ziko arobaini nyingine." Cecilia alitangulia njia kama bibi harusi. Watu walifuata nyuma, kundi zima, wakicheka.

Wakavuka korongo. Wakapanda.

Na juu ya paa la kwanza alikuwepo mwanaume, kifua wazi, amepiga magoti. Chini yake mkewe alikuwa anampandishia ndoo. Nusu ya bati lilikuwa linang'aa juani. Nusu nyingine ilikuwa udongo mbichi, unatiririka.

Paa la pili, wawili. La tatu, bibi kizee anakandika kwa mikono, haraka haraka, kama mtu anayezima moto. Mpaka mwisho wa kitongoji, paa baada ya paa, watu walikuwa juu.

Mwanaume yule wa kwanza alimwona Mzee Mselemu kwenye msafara, akafurahi. Akapunga mkono uliojaa tope.

"Mwenyekiti," aliita kwa Kinyaturu, kisha, kwa heshima ya mgeni asiyemtambua, akarudia kwa Kiswahili. "Mwenyekiti, safari hii hukutupa siku nne. Wako umbali gani?"

Kundi zima likasimama. Ungesikia tope likidondoka.

Injinia Godfrey hakugombeza mtu. Hilo lingekuwa afadhali. Alifunga kalamu yake, akaichomeka mfukoni. Akamtazama Swaumu, na Swaumu akatazama chini. Akamtazama Mzee Mselemu, naye akatazama chini. Akamtazama Cecilia, ambaye aliinamia kanga yake. Kila aliyemtazama aliinama, mpaka macho yake yakafika kwa mtu mmoja aliyesimama mwisho kabisa wa msafara, na mkewe kando yake.

"Mwalimu Paskali," alisema. "Njoo hapa mbele."

Watu wakaachia njia. Mwalimu akaja.

"Wewe huna nyumba hapa. Huna bati la kuficha wala ng'ombe wa kukamatwa. Mwaka 1992 ulikuwepo, ukaona kwa macho yako. Nitachukua neno lako na nitaliandika kama lilivyo, na baada ya hapo simsikilizi mwingine." Akaitoa tena kalamu mfukoni. "Fomu ile ilikuwa makosa ya msichana, au kijiji hiki kilidanganya?"

Kijiji kilimtazama mtu kiliyemwimbia siku tatu zilizopita.

Juu ya paa, yule mwanaume alianza kuelewa, akaiacha ndoo iteleze. Cecilia alimgeukia Lea, mkono ukanyooka kama anataka kumshika, kisha ukaogopa ukarudi. Mzee Mselemu alikuwa amevua kofia, ameikamata kifuani kwa mikono miwili, na hakuivaa tena.

Na Swaumu? Swaumu aliyejisifu moyoni asubuhi ile kwamba yeye si kama wao, aliyeandika ubaoni mbele ya watu mia, alijikuta amekunja vidole mpaka kucha zinamwingia nyamani, akimwomba Mungu jambo moja. Kwamba mtu pekee wa Unyasuka aliyewahi kukataa kudanganya, leo, kwa ajili yao, adanganye.

Mwalimu Paskali alimtazama mkewe. Lea hakutikisa kichwa wala hakukiinamisha. Aliishusha tu kanga kutoka usoni, ili wote wamwone.

"Andika, Injinia," alisema Mwalimu.